Nani Anasema? Misemo ya Jenny Holzer na Ukuta wa Idara Yetu

Wasomaji wetu wamezoea kukuta katika ukurasa huu uhakiki wa riwaya, tamthilia au diwani. Safari hii tunahakiki karatasi zilizobandikwa kwenye kuta za mji wa New York kati ya mwaka 1977 na 1979, na aliyezibandika alikuwa mwanafunzi wa uchoraji ambaye ndiyo kwanza anamaliza masomo. Huenda baadhi ya wasomaji wakauliza yanatuhusu nini. Muhula uliopita darasa letu la tafsiri la mwaka wa tatu lilifanya zoezi juu ya maandishi hayo. Zoezi likatoka darasani likaenda ngazini, na huko ngazini likaulizwa swali ambalo sisi walimu hatukuwa tumelifikiria. Tutafika hapo.

Mwanafunzi huyo ni Jenny Holzer, aliyezaliwa mwaka 1950 katika mji wa Gallipolis, jimbo la Ohio nchini Marekani. Alipitia vyuo kadhaa kabla ya kupata shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Ohio mwaka 1972, kisha akaenda chuo cha sanaa cha Rhode Island, ambako alipata shahada ya uzamili mwaka 1977. Alikwenda huko akitaka kuwa mchoraji wa picha za kidhahania, yaani zile picha za rangi na maumbo ambazo hazionyeshi mtu wala mti. Hakuridhika na alichokuwa akikichora. Alitaka kazi yake ikutane na watu waliokuwa na shughuli zao, watu ambao hawakuondoka nyumbani kwenda kutazama sanaa. Jaribio lake mojawapo lilikuwa kumwaga makombo ya mkate mahali pa wazi kwa kufuata maumbo ya pembetatu na mraba, ili njiwa wakija kula wapange umbo hilo kwa miili yao. Tunalitaja jaribio hili kwa sababu linachekesha, lakini pia kwa sababu tayari lina kila kitu: kazi iko barabarani, haina jina la mtu, na mpita njia hajui kama anachokiona kimekusudiwa.

Jaribio lililomfikisha kwenye maneno lilikuwa jingine. Alianza kukusanya michoro ya vitabu vya kitaaluma, ile ya kuonyesha jinsi moyo unavyosukuma damu au jinsi mashine inavyofanya kazi, akawa anainakili. Kila alivyozidi kunakili ndivyo alivyozidi kuona kwamba uzito wa ukurasa haumo katika mchoro. Umo katika yale maelezo mafupi yaliyoandikwa chini yake. Mchoro bila maelezo ni mistari mitupu, ilhali maelezo bila mchoro bado yanasema. Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha mtihani wa biolojia analijua jambo hili, ila hakuna aliyelifanya kuwa njia ya maisha.

Mnamo 1977 Holzer alikuwa New York katika programu ya masomo huru ya jumba la makumbusho la Whitney. Huko wanafunzi walipewa orodha ndefu ya vitabu vya falsafa, siasa, saikolojia na nadharia ya sanaa. Holzer aliisoma, ikamwelemea, akaamua kuvigeuza vile vitabu vikubwa kuwa sentensi mojamoja ambazo mtu anaweza kuzisoma akiwa amesimama. Hicho ndicho chanzo cha mfululizo uitwao Truisms, karibu sentensi 300, zilizochapwa kwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe za bei rahisi, zikapangwa kwa alfabeti, zikabandikwa usiku kwenye kuta, milango na vibanda vya simu vya Manhattan. Hazikuwa na jina la mtunzi wala anwani. Jina lenyewe la mfululizo maana yake ni kauli ambazo ukweli wake unajulikana hata kabla hazijatamkwa.

Hatuna budi kukiri kwamba wazo hili ni la kiuanafunzi kabisa. Kila aliyewahi kukesha na orodha ya marejeo kabla ya mtihani amewahi kutamani kila kitabu kiwe mstari mmoja. Wanafunzi wetu huziita karatasi hizo muhtasari, na huzificha tunapopita. Tofauti ya Holzer ni kwamba muhtasari wake aliutoa nje akaubandika ukutani.

Wala hakuwa wa kwanza kuleta maandishi mahali palipotegemewa picha. Mwaka 1965 kijana mwingine, Joseph Kosuth, akiwa na umri wa miaka 20 na akiwa mwanafunzi huko huko New York, aliweka kiti cha kawaida, akaweka ukutani picha ya kiti hicho hicho kikiwa mahali pale pale, na kando yake akaweka fasili ya neno kiti iliyokuzwa kutoka katika kamusi. Kazi hiyo sasa ni mali ya jumba la sanaa za kisasa la New York. Tungependa siku moja kuifanyia somo zima katika kozi yetu ya leksikografia, maana maswali anayouliza Kosuth ndiyo tunayowauliza wanafunzi: fasili ya kiti inakitosha kiti? Kigoda kimo? Na aliyekuwa hajawahi kuona kiti, ataanzia upande gani wa ule ukuta? Lakini Kosuth alibaki ndani ya chumba cha maonyesho, ambapo anayeingia anajua kwamba atakachokiona ni sanaa. Holzer aliondoa kile chumba, na hapo ndipo kazi yake inapotuhusu.

Tuangalie fani. Kila sentensi inasimama peke yake. Hakuna kwa hiyo, hakuna hata hivyo, hakuna kwa mfano. Kila moja inasikika kama hitimisho la hoja ambayo mwanzo wake umetupwa. Nyingi zinazungumzia mamlaka, mali, mapenzi, wazazi, woga, ukatili. Kwa maneno yetu, moja inadai kwamba hakuna sababu ya kushangaa wakubwa wanapotumia vibaya madaraka yao, na nyingine inaulaumu umilikaji wa mali kwa kuzaa uhalifu. Jirani na hizo kuna nyingine zinazodai kinyume, kwa sauti ile ile tulivu. Msemaji hajitokezi. Huwezi kujua kama ni mzee au kijana, tajiri au maskini, mshika bunduki au mshika jembe. Holzer mwenyewe alikusudia hivyo: kila sentensi iwe ya mtu wake, na yeye asiwe yeyote kati yao.

Mtu wa Kiswahili akisoma jambo la kwanza atakalosema ni kwamba hizi ni methali. Darasa letu lilisema hivyo hivyo. Hata zile kinzani hazikuwatisha, kwa sababu sisi pia tunasema haraka haraka haina baraka, na mtu yule yule akichoka kusubiri husema ngoja ngoja huumiza matumbo, na hakuna anayemshtaki kwa kujipinga. Tuliwaomba wanafunzi waendelee kufikiri. Methali mbili kinzani hazigombani kwa sababu hazikai chumba kimoja. Kila moja ina wakati wake, ina mzee anayeitoa na kijana anayepewa, na ina kisa kilichoileta. Mtu akikutana nawe njiani akakwambia chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, kisha akaendelea na safari yake, utamfuata umuulize una kisa gani nami. Misemo ya Holzer ni methali zilizonyang'anywa kisa. Zote zinasemwa kwa wakati mmoja kwa kila mtu, na alfabeti inazikalisha pamoja bila kujali zinachukiana kiasi gani.

Je, ni misemo mizuri? Tuseme kweli, mingi ni ya wastani. Ukizisoma zote kwa mkupuo, kufikia ya hamsini sikio limechoka, na unaanza kusikia ule ujanja wa sentensi inayotaka kuonekana imeona mbali. Chache ndizo zinazochoma. Lakini hatudhani ni haki kuzisoma kwa mkupuo kama tusomavyo diwani, kwa sababu mpita njia hakusoma zote. Alisoma tatu au nne akingoja basi, moja ikamkera, akatoa kalamu. Watu walipigia mistari, walifuta, waliandika majibu pembeni, na mwandishi akirudi aliyakuta. Karatasi iliyojaa kalamu za watu ndiyo kazi iliyokamilika.

Sasa tuje kwenye zoezi letu. Tuliwapa wanafunzi maelezo haya na tukawataka wajaribu kutoa sentensi za namna hiyo kwa Kiswahili, baadhi kwa kutafsiri, nyingi kwa kubuni. Tulidhani tabu itakuwa kwenye msamiati. Tabu ikawa kwenye kiambishi kimoja tu, hu-.

Chukua sentensi aliyobuni mwanafunzi wetu mmoja: Woga huzaa utii. Mwenzake akasema iwe Woga unazaa utii. Wa tatu akataka Woga ni mzazi wa utii. Kiingereza kingetumia wakati mmoja tu wa kawaida kwa zote tatu, na kisingemlazimisha mwandishi kuchagua. Kiswahili kinamlazimisha. Unazaa ni ya mtu aliyeona jambo likitokea, pengine leo asubuhi. Ni mzazi wa ni ya mwalimu mbele ya ubao. Huzaa ni ya wahenga. Ukiweka hu- umekwisha kukaa kwenye kiti cha mzee, utake usitake, hata kama una miaka 21 na sentensi umeitunga dakika tano zilizopita.

Kuna jambo jingine kuhusu hu- ambalo tumelifundisha miaka yote kama kanuni tu. Ni kiambishi kisichoruhusu kiambishi cha nafsi kitangulie. Tunasema ninazaa, unazaa, anazaa, kinazaa. Lakini huzaa ni moja kwa wote. Kitenzi hakikwambii ni nani. Binti mmoja wa darasa hilo aliinua mkono akasema, "Mwalimu, kwa hiyo hu- ndiyo sauti ya huyu mama wa New York." Ni kweli, na hatujaona kitabu cha sarufi kilichotueleza vizuri zaidi kazi ya kiambishi hicho. Lakini ni kweli nusu tu. Holzer aliandika kwa wakati ambao kwa Kiingereza hauna mvi. Ule wa kwetu una mvi tele.

Alfabeti nayo ilituletea kioja. Holzer aliitumia ili asionekane ameipa sentensi yoyote cheo juu ya nyingine. Mpangilio uwe wa bahati. Tulipopanga sentensi zetu kwa alfabeti, bahati ilikataa. Uhuru, ukweli, upendo, utii, umaskini, utajiri, ukatili, uongo, vyote vilirundikana mwishoni chini ya U, kama wajumbe waliochelewa mkutano. Vitenzi-jina vikajaa kwenye K kwa ajili ya ku-, watu wakagawana M na W. Orodha ikawa imepangwa kwa ngeli! Kwa Kiingereza alfabeti hutawanya mawazo, kwa Kiswahili huyakusanya. Mfululizo wake uliofuata, ule wa insha za hasira wa mwaka 1979 hadi 1982, ungetutesa vingine. Huko alijifunga na kanuni ya maneno 100 katika mistari 20 kwa kila karatasi, karatasi za rangi tofauti, kwa sauti alizojifunza kutoka katika maandishi ya wanasiasa wakali wa kila upande. Mshairi wetu wa mizani angemwelewa mara moja. Lakini neno lipi? Nimekwishawaambia ni neno moja kwetu na ni sentensi nzima kwao. Ukitafsiri karatasi ya maneno 100 utabakiwa na kama 60, na ule mraba mzito wa maandishi unakuwa na matobo.

Wanafunzi walitaka kubandika. Tulikubali. Walichagua sentensi 22 zote za kubuni, wakaziandika kwa herufi kubwa nyeusi kwenye karatasi nyeupe, bila jina la idara wala la mtu, wakazibandika asubuhi ya Jumanne kwenye ukuta wa ngazi ya jengo letu, jengo tunalolitumia pamoja na idara nyingine ambazo wanafunzi wake wengi hawasomi Kiswahili. Kufikia saa sita karatasi mbili zilikuwa zimechanwa. Kwenye ya tatu mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya bluu: Nani anasema? Chini yake mkono mwingine ukauliza jambo lile lile kwa Kiganda: Ani agambye? Alasiri akaja askari wa lango, mtu mpole tunayesalimiana naye kila siku, akiwa ameishika mkononi ile ya woga na utii. "Mwalimu," akasema, "hii ni amri ya nani?"

Tulitaka kucheka, hatukucheka. Mwenzetu mmoja mkubwa kwa umri alitukumbusha kwamba yeye mwenyewe maneno yake ya kwanza ya Kiswahili aliyajifunza akiwa mtoto kwenye kizuizi cha barabarani, nayo yalikuwa simama, shuka na lala chini. Nchini Uganda Kiswahili kilitembea na jeshi tangu zama za King's African Rifles. Mwaka 1973 kilitangazwa kuwa lugha ya taifa kwa amri ya Idi Amin, na watu wengi wa kusini walikisikia miaka ile kutoka kinywani mwa mtu aliyevaa buti. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, baraza la mawaziri likalipitisha tena jambo la urasmi wake mwaka 2022, na sisi wa idara hii tumejitahidi sana, kwa nyimbo, kwa maigizo, kwa siku ya Kiswahili ya kila tarehe 7 Julai, kukitoa kwenye zile buti. Halafu tukabandika ukutani sentensi za Kiswahili zisizo na mwenyewe.

Hapo tuliielewa kazi ya Holzer kuliko tulivyoielewa darasani. Kutokuwa na jina si kitu kimoja kila mahali. Mtu wa New York akikuta sentensi ya Kiingereza isiyo na mwenyewe ana washukiwa wengi. Inaweza kuwa tangazo la biashara, au kanisa, au chama, au kichaa, au msanii. Kiingereza pale ni lugha ya kila mtu na kila kitu, na kutojua ni nani anayesema kunamfurahisha au kunamkera, basi. Kwenye ngazi yetu orodha ya washukiwa wa Kiswahili ilikuwa fupi. Ndiyo maana yule askari hakuuliza maana yake ni nini. Maana aliielewa vizuri. Aliuliza ni ya nani.

Na tungepaswa kulijua hilo tangu mwanzo, kwa kuwa Kiswahili kina utamaduni wake wa sentensi za hadharani, wa zamani kuliko Holzer. Tunazungumzia kanga, au leso kama waiitavyo wa Mombasa. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani ule msemo wa mstari mmoja uliochapwa kwa herufi kubwa. Misemo hiyo haina mtunzi anayejulikana na mvaaji. Hata ile chapa maarufu ya Mali ya Abdulla inamtaja mfanyabiashara tu. Kwa hili kanga na karatasi ya Manhattan ni ndugu. Lakini kanga ina mvaaji. Msemo unatembea na mwili wa mtu, unapita mbele ya mlango fulani kwa saa fulani, na anayelengwa anajijua. Akija juu, mvaaji anaweza kujibu kwamba yeye alipenda rangi. Huo ndio uhuru wa kanga: sentensi si yake, ila kuivaa ni kwake, na katikati ya hayo mawili pana nafasi ya kuchokoza na nafasi ya kukana. Karatasi ya ukutani haiwezi kukana. Wala haina mlango inaopita mbele yake.

Tukiwa na jambo hili kichwani tulitazama upya picha moja mashuhuri ya mwaka 1983. Holzer alikuwa amekwisha kuanza kuchapa baadhi ya misemo yake kwenye fulana. Katika picha hiyo, iliyopigwa na Lisa Kahane, msanii kijana wa michoro ya ukutani, Lady Pink, mzaliwa wa Ekuado, amesimama katikati ya Times Square amevaa fulana yenye ule msemo wa wakubwa na madaraka yao. Msemo ni ule ule uliokuwa kwenye karatasi. Lakini sasa una kifua cha msichana mhamiaji, na nyuma yake una mtaa wa wanaume na matangazo ya sinema. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo kazi bora kabisa iliyotokana na Truisms, na ubora wake umetoka kwa mvaaji. Msemo umekuwa kanga.

Inafaa kumtaja hapa pia jirani yetu wa magharibi, Chéri Samba wa Kongo, ambaye njia yake ilianzia upande wa pili kabisa. Alizaliwa mwaka 1956, akaja Kinshasa mwaka 1972 akiwa kijana, akajifunza kazi kwa waandika mabango wa mjini, na mwaka 1975 akafungua karakana yake. Bango la kinyozi, bango la fundi cherehani, bango la baa: huko ndiko alikojifunza kwamba mtu hasimami mbele ya picha muda mrefu, ila akikuta maandishi atasimama hadi ayamalize. Akaanza kujaza maneno ya Kifaransa na Kilingala ndani ya picha zake ili kumshika mpita njia. Shabaha yake na ya Holzer ni ile ile, na miaka ni ile ile. Lakini Samba huweka jina lake kubwa, na mara nyingi huchora sura yake mwenyewe, mwenye suti, akisema au akishangaa. Ukimuuliza nani anasema, anakuonyesha kidole. Mtu anaweza kusema ni majivuno, na kidogo ni majivuno kweli. Hata hivyo mtu aliyekulia katika Zaire ya Mobutu, ambako maneno yasiyo na mwenyewe yalishuka kutoka juu kila siku, huenda alijua thamani ya kusema: haya ni yangu.

Kuhusu miaka ya baadaye ya Holzer tutasema machache, maana majumba makubwa yamekwisha kusema mengi. Mwaka 1982 misemo yake iliwaka kwenye bango kubwa la taa la Times Square, kati ya tangazo na tangazo, na pale tunadhani ilikuwa na nguvu kuliko ukutani, kwa sababu mshukiwa alijulikana: mahali ambapo kila sentensi inataka fedha zako, ilitokea moja isiyouza kitu. Mwaka 1989 aliizungushia misemo ya taa njia ya ndani ya jumba la Guggenheim, kazi aliyoirudia kwa upana zaidi mwaka 2024, na mwaka 1990 aliiwakilisha Marekani kwenye maonyesho ya Venice akashinda Simba wa Dhahabu. Vibamba vya shaba, mabenchi ya mawe, yote hayo yana uzuri wake, lakini jiwe halikubali kalamu ya bluu, na sisi tunaikosa ile kalamu. Kinachotuvutia zaidi ni kwamba baadaye aliacha karibu kabisa kutunga maneno yake mwenyewe, akaonyesha mashairi ya watu wengine kwa majina yao, na tangu mwaka 2004 hivi akawa anachora upya nyaraka za serikali ya Marekani kuhusu vita, pamoja na yale madoa meusi yaliyofunika majina. Aliyeanza kwa kuficha msemaji sasa anatuonyesha mahali ambapo msemaji amefichwa na mwingine. Hatuwezi kudai kwamba kuna aliyemwandikia ukutani Nani anasema, ingawa tungependa kuamini hivyo.

Darasa letu halikuridhika kuacha mambo yalipofikia. Wiki iliyofuata walibandika tena, safari hii karatasi nane tu. Walikubaliana hu- isitumike. Kila sentensi ianze kwa ni- au si-, na chini yake pawe na jina la kwanza la mwandishi na kijiji alichotoka. Sentensi nyingine zilidhoofika. Ile ya woga iligeuka kuwa maneno ya kijana mmoja aliyesema kwamba alimtii mwalimu fulani miaka minne bila kumheshimu, na ikawa ndefu kuliko ukuta ulivyotaka. Nyingine zilipata uhai ambao hazikuwa nao. Yule askari alizisoma zote nane akipanda, akamcheka mmoja kwa kuwa wanatoka wilaya moja, akaenda zake.

Hakuna iliyochanwa. Moja ilikaa wiki tatu, hadi mtu akaisahihisha upatanisho wa kisarufi kwa kalamu nyekundu, na akaipa alama 6 kati ya 10. Katika kikao cha idara kila mmoja wetu amekana.